Bunduki Inayosubiri Jina

Kisondela, Tukuyu
4 Machi 1996

Mwanangu Hezron,

Niwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Barua yako ya kabla ya Krismasi ilifika salama pamoja na zile karatasi, nami sikuijibu Januari wala Februari. Sina sababu nzuri ya kukupa, kwa hiyo sitoi yoyote.

Hujambo? Joto la huko linakutendaje? Sisi hatujambo. Shangazi yako Alinanuswe analalamikia magoti, lakini hulalamika huku anatembea, basi sina wasiwasi. Mkeo Tulia ni mzima. Nausikia mchi wake kila asubuhi. Mvua imetushika. Mlima Rungwe hatujauona kwa muda, tunaamini tu kwamba upo.

Sasa kazi yako. Nimeelewa hivi: tajiri wako, Bwana Hasheem, ambaye zamani alichapa kadi za harusi, anataka kuchapa mchezo wa mezani. Watu huketi, kila mmoja hujifanya mtu mwingine, hurusha dadu, na hadithi hutembea kwa maneno yao. Hadithi yenyewe ni ya mumiani wanyonyao damu, mwaka 2090, hapa hapa kwetu Rungwe. Wewe umepewa sura ya bunduki. Siku hizi za soko huria kila kitu kinauzwa, mpaka hofu za bibi zetu. Sikukatazi. Nasema tu kama mtu aliyestaafu.

Nimesahihisha kurasa za mwanzo. Umeandika kwamba bunduki "inafaya", kwa Kiingereza cha kubandika; bunduki hufyatuka, mwanangu. Wala usiandike kwamba mtu "anakuwa amepigwa risasi anakufa". Amekufa au hajafa? Msomaji aliyelipa ana haki ya kujua.

Lakini lugha yaweza kunyooshwa. Kanuni isiyojaribiwa ni maneno tu, kwa hiyo tumeamua kuucheza mchezo wako. Wachezaji ni watatu: mimi, shangazi yako, na mkeo. Bwana Hasheem akiisoma barua hii atashangaa, maana yeye ni mtu wa pwani. Mweleze kwamba kwetu baba mkwe na mkwe wa kike hawaonani. Akinisikia naja, hupita njia nyingine. Hasemi nami, wala hataji jina langu. Si uadui, ni heshima, nasi huiita ukutila. Hata siku ya harusi yenu nilitazama pembeni, na uso wa mkeo siujui hadi leo.

Tutacheza hivi: mimi nitaketi sebuleni, yeye stoo, nyuma ya ukuta wa mianzi, na shangazi yako mlangoni, anapotuona sote wawili. Yeye ndiye atakayerusha dadu na kutangaza kilichotokea. Amekataa kuwa mumiani kwa sababu ni mzee wa kanisa. Basi mumiani nitakuwa mimi.

Nitakuandikia tutakapofika mahali.

Ni mimi baba yako,
Mwalimu Ambindwile


Dar es Salaam
27 Machi 1996

Baba, shikamoo.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nilidhani umekasirika kwa sababu ya mumiani. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya feni. Hapa kiwandani tunafanya kazi chini ya feni kubwa ya Bwana Hasheem ambayo haina kasi ya kati. Ama inalala, ama inapeperusha karatasi zote. Msalimie Shangazi. Mwambie magoti yake nayaombea.

Barua yako nilimsomea Bwana Hasheem. Alicheka hadi akavua miwani, kisha akasema kwamba bibi yake, Mwanaharusi, naye hakuwahi kula kuku mbele ya macho ya mkwewe. Sijui alimaanisha nini, ila aliacha kucheka.

Sura ya bunduki nimeiandika upya kama ulivyoagiza. Bunduki zimebaki tatu. Ya kwanza ni Bunduki ya Jua. Hushiba mwanga kutwa nzima na jioni huutema. Siku ya mawingu haifai kitu, kwa hiyo kwetu itakuwa na njaa sana. Ya pili ni Bunduki ya Maji, ambayo risasi zake ni matone ya Ziwa Ngosi yaliyogandishwa. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: Bunduki ya Jina. Haina kifyatulio. Mlengaji humtaja mlengwa kwa jina lake, kwa sauti, na risasi humtafuta mwenye jina hata nyuma ya ukuta. Bwana Hasheem anasema hiyo ndiyo itakayouza mchezo. Kanuni yake moja tu: wachezaji watumie majina yao ya kweli, ili hofu iwe ya kweli.

Baba, mistari ya barua yako inapanda kulia kama njia ya kwenda Nkunga, na mahali pawili neno limeandikwa juu ya neno. Hukuwa hivyo. Ulinipiga rula kwa mistari iliyoyumba kidogo kuliko hiyo. Kuna nini?

Jambo la mwisho nimelizunguka kwa muda. Nimepata chumba Keko, kimoja, lakini kina dirisha. Naomba ruhusa yako Tulia aje Julai. Tulifunga ndoa mwaka juzi na tumeishi pamoja majuma machache. Najua tangu Mama afariki yeye ndiye anayeshika nyumba. Sijui niombe vipi bila kukuondolea kitu. Nimeomba.

Mwanao,
Hezron


Kisondela
21 Aprili 1996

Mwanangu Hezron,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Pole kwa mafua. Weka jiwe juu ya karatasi, na feni utaisamehe. Sisi tu wazima, na ndizi zimekubali mwaka huu. Walanguzi wanakuja na magari mpaka mlangoni, kila mmoja na bei yake, na shangazi yako anawabishia wote kwa Kinyakyusa ili wachoke mapema.

Mchezo tumeucheza. Sikutazamia kitu, na sasa nikiketi jioni natazamia.

Mkwe wangu ndiye aliyeijenga Tukuyu ya mwaka 2090. Kanuni zako zilitupa bunduki tu, hazikutupa mji. Basi alianza kumweleza shangazi yako, taratibu, nami nikasikia. Alisema katika mji huo ukungu haupandi kutoka bondeni. Unashuka kutoka angani kwa saa maalumu, kama basi. Mashine za kuchuma chai hupita mashambani zikiimba tenzi za kanisa kwa sauti ya nne, ile nzito ya chini, zote kwa pamoja, na mtu akiwa mgonjwa huletwa akae katikati yao. Mianzi imekua hadi kuzidi mnara wa simu, na watu hukaa ndani ya pingili zake, ghorofa juu ya ghorofa, kila familia na pingili yake. Mumiani wanalala chini ya Ziwa Ngosi wakiwa wamekunja mikono. Hawali mtu mzima. Hunyonya asubuhi za vijana, moja moja, na kijana huamka akakuta ni adhuhuri.

Shangazi yako aliuliza kama mumiani hao wamebatizwa. Mkwe wangu akajibu kwamba wengi wao walikuwa walimu.

Nilicheka. Sijui kama kicheko changu kiliruhusiwa kupita ukutani, lakini kilipita.

Mumiani wangu alitoka ziwani, akatembea juu ya vilele vya migomba bila kuvunja jani. Alikuwa mzee, mwenye adabu, aliyesikia njaa. Mwindaji wake alikuwa msichana mwenye Bunduki ya Jina. Bunduki ya Jua ilikuwa tupu, kama ulivyosema, kwa ajili ya mawingu. Msichana akawa amesimama kwenye mlango wa pingili yake, na mumiani anakuja. Shangazi yako akarusha dadu: mwindaji ana nafasi ya kulenga. Akasema, "Haya, mwanangu, mtaje."

Hakumtaja.

Kanuni yako inasema majina yawe ya kweli. Mumiani anaitwa jina langu. Mkwe wangu hawezi kulitaja, hata katika mchezo, hata mwaka 2090. Shangazi yako akamwambia kwamba Mungu hatahesabu, ni mchezo tu. Nikamsogeza mumiani hatua moja, ili aogope. Nikamsogeza hadi mlangoni. Mkwe wangu akamwambia shangazi yako, kwa sauti ndogo, kwamba msichana ameiweka bunduki chini na ameinamisha shingo.

Sikumng'ata. Nilisema nimechoka, tukaenda kulala. Mchezo umesimama hapo hapo.

Wewe ni Mnyakyusa, Hezron, umezaliwa katika nyumba hii, na ukaitunga kanuni ambayo mkeo pekee hawezi kuitii. Joto la Dar es Salaam limekusahaulisha nini kingine?

Baba yako


Dar es Salaam
6 Mei 1996

Baba, shikamoo. Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi sina ugonjwa, ila moyo haujatulia, na nitasema kwa nini bila kuzunguka.

Bahasha yako ilikuja bila jina la mtumaji. Nilidhani ni usahaulifu. Kisha nikaufungua ukurasa, na mwandiko ulikuwa umenyooka, wa duara, herufi *g* yenye mkia mfupi. Mwandiko huo naujua. Ndio ulioniandikia barua zote za uchumba. Maneno ni yako, Baba, hakuna mwingine wa kuniuliza swali kama lile la mwisho. Lakini mkono ni wa Tulia. Naye hakuweza kuandika jina lako juu ya bahasha, kwa hiyo aliacha mahali pake patupu, na chini ya barua pamebaki "Baba yako" tu.

Huoni, Baba? Tangu lini?

Na kama huoni, basi barua hii inasomwa na yeye. Tulia, kama unasoma hapa, soma yote, usiruke mstari kwa ajili ya kumlinda mtu. Ukiruka atajua, alinifundisha miaka saba na hakuna mstari niliowahi kumficha.

Nimemuuliza daktari mmoja wa macho. Anasema ikiwa ni mtoto wa jicho, upasuaji ni wa muda mfupi, na watu wanarudi nyumbani wanaona. Njoo Dar es Salaam, Baba. Njoni nyote wawili. Shangazi abaki na nyumba, mtoto wa jirani yetu Meshaki amsaidie kulisha ng'ombe. Nimefikiri sana nikakwama mahali pamoja: chumba ni kimoja. Safari ya basi ni kutwa nzima, viti vimebanana na mabega yanagusana. Hakuna ukuta wa mianzi ndani ya basi wala Keko. Nikimleta Tulia peke yake, nimekuacha gizani. Nikikuleta wewe peke yako, hakuna wa kukushika mkono njiani, na mke wangu anabaki tena. Nikiwaleta wote, nauvunja mwiko mlioutunza kuliko mimi.

Kuhusu kanuni, umenishika. Niliisahau. Niliitunga nikiwaza risasi, sikumwaza aliyeishika bunduki. Naweza kuifuta Bunduki ya Jina kabisa. Bwana Hasheem atanung'unika, lakini mchapaji hajaanza kupanga herufi. Niambie.

Mwanao,
Hezron


Dar es Salaam
30 Juni 1996

Baba, shikamoo.

Sijapata jibu. Nimeandika kupitia kanisani na kupitia kondakta wa basi. Jana nilikutana Kariakoo na Ackson, yule wa Lupepo anayeleta maparachichi. Akasema alisikia kwamba Mwalimu alipotea kwenye ukungu, karibu na korongo, na hakujua zaidi kwa sababu gari lilikuwa linaondoka.

Nakuomba mstari mmoja. Hata mwandiko wowote.

Mwanao,
Hezron


Kisondela
14 Julai 1996

Mwanangu Hezron,

Nisamehe tena, nimekuwa mtu wa kuomba radhi zaidi katika mwaka mmoja kuliko katika miaka arobaini ya ualimu. Mimi ni mzima. Nina mchubuko wa mguu, na shangazi yako anaukanda kwa maji ya moto na kwa masimango. Baridi ya Julai imeingia. Tunakaa jikoni kwa zamu, yeye na mkwe wangu asubuhi, mimi jioni.

Ni kweli sioni. Ilianza kabla ya Krismasi kama moshi wa kuni zisizokauka. Sasa naona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, si zaidi. Barua ya Machi niliiandika kwa kubahatisha. Ya Aprili niliisema kwa sauti, nikiutazama ukuta, kama mtu anayefanya mazoezi ya hotuba. Upande wa pili kulikuwa na kalamu. Hatukupatana, ilitokea. Sentensi ikiisha, hugonga mwanzi mara moja. Ikiwa sikusikika, hugonga mara mbili. Barua zako mkwe wangu humsomea shangazi yako kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa masikio ya shangazi yako, nami nakuwa nimeketi karibu. Hakuruka mstari.

Sasa habari ya korongo. Mwanzoni mwa Juni shangazi yako alikwenda msibani Nkunga. Nilijiambia kwamba mwanamume anayeijua njia ya kwenda kwenye zizi lake tangu ujana hahitaji macho. Nilipofika kati ya migomba, ukungu ukashuka kwa saa yake, kama ule wa mwaka 2090. Hata ule mwanga mdogo wa mlango ukatoweka. Nikageuka, nikageuka tena, na tangu hapo pande zote zikawa sawa. Nikasikia maji chini yangu. Nikajua niko ukingoni, lakini sikujua ukingo uko upande gani wa miguu yangu.

Kulikuwa na utulivu wa ajabu, Hezron. Majani yalikuwa yananigusa uso kama watu wanaonitambua. Nilimfikiria yule mumiani anayetembea juu ya vilele bila kuvunja jani, nikaona kwamba huenda anatembea hivyo kwa sababu amepotea.

Nyumbani alikuwapo mtu mmoja tu. Baadaye alimweleza shangazi yako kwamba alikiona kivuli changu mara moja, ukungu ulipopasuka, mguu mmoja ukiwa hewani. Hakuweza kuniita kwa jina. Hakuweza kuja mbele yangu na kunishika mkono. Nawe uliye mbali, usimlaumu kwa hilo, alilelewa vema.

Nikasikia kinu kinatwangwa. Haikuwa saa ya kutwanga. Na mlio ule haukuwa wa mahindi wala wa mihogo. Ulikuwa mlio mtupu, mti juu ya mti, wa kinu kisicho na kitu ndani. Mtu hatwangi kinu kitupu ila anasema. Nikaelekeza uso huko, nikatoa mguu. Nilipokosea, mchi uliharakisha, nilipopatia, ulitulia. Nilianguka mara moja, ndio huo mchubuko. Nikafuata mlio ule hadi nikahisi joto la moto na kizingiti chini ya kiatu. Nikaingia. Hapakuwa na mtu. Kigoda kilikuwa kimesogezwa karibu na meko. Nikapapasa, nikakuta mchi umesimama ndani ya kinu, bado unatikisika.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nalifikiria hilo. Sasa sikiliza. Nawe uliye upande wa pili wa mianzi, andika kama ninavyosema.

Kwanza, kanuni. Usiifute Bunduki ya Jina. Iandike hivi: *Bunduki hii haifyatuki mpaka mlengwa mwenyewe amempa mlengaji ruhusa ya kutaja jina lake. Ruhusa ikishatolewa, haiwezi kurudishwa. Mlengaji halazimiki kuitumia.* Bwana Hasheem atasema hakuna adui atakayetoa ruhusa hiyo. Mwambie ajaribu kuzeeka.

Pili, chumba cha Keko. Wazee wetu waliuweka mwiko huu, na waliweka pia njia ya kuulegeza. Baba mkwe hutoa ng'ombe, watu wa pande zote mbili hula pamoja, na mkwe huletwa kusalimia. Shangazi yako anaijua njia, na baba yake Tulia, mzee Jacob, hana pingamizi. Ng'ombe yupo, yule mwekundu. Basi mimi natoa. Nampa mkwe wangu ruhusa ya kupita mbele yangu, kunishika mkono, na kulitaja jina langu akitaka. Tutasafiri pamoja, nitapasuliwa macho huko, na ninyi wawili mtakaa kama mtu na mkewe.

Lakini ni ruhusa, si amri. Ameitunza heshima hii hata pale ambapo shingo yake ilikuwa mezani, na hata pale ambapo yangu ilikuwa korongoni. Sitaki aiache kwa sababu mzee mmoja ana shida ya macho. Akitaka, aje kwako Julai hii peke yake kwa baraka zangu, nami nitabaki na shangazi yako na masimango yake. Akikataa kutoka nyuma ya ukuta, sitauliza sababu. Nimekula asubuhi nyingi za kijana huyu. Asubuhi iliyobaki aichague mwenyewe.

Nimemaliza. Sijasikia kugongwa kwa mwanzi.

Shangazi yako yuko mlangoni na dadu mkononi. Anasema mumiani bado amesimama pale pale, na msichana bado ameinama, na kwamba yeye amechoka kuwaangalia.

Sasa nimesikia. Amegonga mara mbili. Basi narudia: ni ruhusa, si amri.

Baba yako


Mume wangu,

Ukurasa umebaki na nafasi, naijaza mwenyewe. Hujambo? Mafua yamekwisha?

Nimeandika kila neno alilosema Baba. Nilipogonga mara mbili nilikuwa nimesikia. Nilitaka tu kulisikia tena.

Sina hofu ya chumba kimoja, wala ya basi. Nakutaka, na Julai nilikuwa naihesabu kabla hujaitaja. Lakini nyuma ya mianzi hii mwalimu aliyekuwa akiogopwa na wilaya nzima ameketi akasikiliza nikiujenga mji, akacheka. Kwetu sikuwahi kusikilizwa hivyo. Sijui nikipita mlangoni akaniona, nitakuwa nani kwake: yule aliyeotesha mianzi hadi mawinguni, au mkwe tu anayeleta chai. Shangazi ananiambia, "Utakuwa wote wawili, mwanangu, ndaga fijo, asante sana, sasa sema nirushe dadu nikalale." Yeye kwake kila kitu ni chepesi.

Msichana nimemwinua shingo. Ameiokota bunduki, lakini bado hajafungua kinywa. Mumiani anasubiri kwa adabu, kofia mkononi. Ng'ombe mwekundu Shangazi amemfunga karibu na nyumba, kwa vyovyote itakavyokuwa.

Bahasha hii pia nimeiacha bila jina la mtumaji. Nikishaamua, nitakuandikia, na utajua kwa kuitazama bahasha kabla hujaifungua.

Mkeo,
Tulia